Risasi 80 kwa Mwaka: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mazoezi na Bajeti ya Bunduki ya Kuwindia

Kila kiangazi kikikaribia, wawindaji wa Lubumbashi wenye bunduki ya kalibri 12 huniuliza jambo moja: kartushi zimepanda bei, nitafanya mazoezi na nini? Na kila mwaka wengi wao huangukia palepale. Miezi yote bunduki imelala kabatini. Wiki moja kabla ya msimu, mtu ananunua pakiti ya risasi 25, anakwenda kwenye shamba la jamaa yake upande wa Kipushi, anazimaliza zote asubuhi moja.

Nimewahi kusimama nyuma ya mmoja wao, yaya yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa, nikimhesabia. Risasi kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Kufikia ya kumi na tano alikuwa anafumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Za mwisho zote zilipita juu ya katoni aliyoilenga. Jioni bega lake lilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja, na juma lililofuata akamjeruhi kanga ambaye tulimtafuta kwenye nyasi mpaka giza likaingia, tusimpate. Pesa zote zile zilimfundisha kuiogopa bunduki yake mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa raia mwenye karatasi halali, bunduki moja ya marisawa (vile vipunje vidogo vingi vilivyo ndani ya kartushi moja), na mfuko usio mkubwa. Risasi chache zilizogawanywa kwa miezi zitakufikisha mbali kuliko pakiti nzima ya siku moja, mradi uzipange kabla hujazinunua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hati ya kumiliki silaha na permi ya kuwinda, zote mbili zikiwa hazijapitwa na tarehe.
- Daftari la kurasa ngumu na kalamu. Simu huisha moto, daftari haliishi.
- Risasi za bandia mbili au zaidi za kalibri yako, zisizo na baruti wala marisawa, zenye rangi tofauti kabisa na zile za kweli.
- Vikinga masikio na miwani ya kinga. Mlio wa kalibri 12 unazidi desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kuharibu usikivu, na sikio likishakufa halirudi.
- Ufito wa kusafishia mtutu, vitambaa, mafuta ya bunduki.
- Katoni kubwa kumi hivi. Omba za friji au televisheni kwa wenye maduka. Kwa kawaida wanazitupa.
- Kabati au sanduku la chuma lenye kufuli kwa bunduki, na lingine dogo lenye kufuli yake kwa risasi.

Kama huna kitu kimoja kati ya vikinga masikio na sanduku la kufuli, pesa ya kwanza ya mwaka iende huko, hata kama risasi zitapungua.

## Hatua ya 1: Anza na karatasi

Hati ya silaha na permi ya kuwinda ni karatasi mbili tofauti. Ya kwanza inakuruhusu kuwa na bunduki. Nchini kwetu Kongo-Kinshasa msingi wake ni Sheria-Amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ya pili inakuruhusu kuwinda, na msingi wake ni Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Kuwa na moja hakukupi nyingine, na wapo watu wazima wenye heshima zao waliolala selo kwa kutojua hilo.

Zitoe, uzisome mstari kwa mstari. Andika kwenye daftari tarehe zinapoisha na namba ya bunduki, kisha uilinganishe na ile iliyochongwa kwenye chuma. Kama hati imetaja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, bajeti yako inaishia hapo, hata ukiwa na pesa.

Ulizia pia kwenye biro ya mazingira ya mkoa tarehe za kufungua na kufunga uwindaji, na wanyama ambao permi yako haiwagusi. Usitegemee maneno ya mwaka jana.

Utajua umefaulu: ukurasa wa kwanza wa daftari una tarehe zote, na ada za kuongezea muda zimeandikwa kama matumizi ya kwanza ya mwaka.

## Hatua ya 2: Pata bei halisi ya risasi moja

Hapa wengi hujidanganya. Bei ya risasi si ile ya pakiti iliyogawanywa kwa 25 peke yake. Ongeza taksi ya kwenda na kurudi dukani, kisha gawanya.

Piga hesabu kwa dola hata kama utalipa franka, kwa sababu mzigo huo mara nyingi unatoka nje na bei yake hufuata dola.

Nunua kwa muuzaji aliyeruhusiwa, na udai risiti. Kartushi zinazouzwa moja moja ndani ya mfuko wa plastiki, bila pakiti, ziache hata zikiwa nusu bei. Hujui zimekaa wapi, hujui nani amezifungua na kuzijaza upya, na zikikamatwa nawe huna la kujieleza. Mtutu uliopasuka huchukua vidole.

Kabla ya kulipa, soma mambo mawili kwenye pakiti na kuyalinganisha na maandishi ya mtutu:

Kalibri. Risasi ya kalibri 20 ni nyembamba kuliko ya 12. Ukiichanganya, huteleza ndani ya mtutu na kukwama mbele. Wewe unaona chumba cha risasi kitupu, unatia ya 12 nyuma yake, unafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana ganda la kalibri 20 kwa desturi hutengenezwa la njano. Usiweke kalibri mbili nyumba moja kama unaweza kuepuka.

Urefu. Bunduki nyingi za zamani zina chumba cha milimita 70. Kartushi ya milimita 76 itaingia bila shida, na hapo ndipo hatari ilipo: ganda likifunguka halina nafasi, na msukumo unapanda kupita kiasi.

## Hatua ya 3: Teremka kutoka kwenye pesa hadi kwenye risasi

Usijiulize unataka risasi ngapi. Jiulize mwaka unaweza kutoa pesa ngapi bila kugusa karo za watoto, kisha teremka.

Huu ni mfano. Weka bei zako mwenyewe. Tuseme unaweza kutenga dola 20 kwa mwezi, yaani 240 kwa mwaka.

- Ada za karatasi: toa 60. Zinabaki 180.
- Mafuta, vitambaa, vitu vidogo: toa 15. Zinabaki 165.
- Usafiri wa siku saba za kufyatua, dola 5 kila siku: toa 35. Zinabaki 130.
- Akiba ya bei kupanda: toa 10. Zinabaki 120.

Kama risasi moja inakufikia kwa dola 1.50, dola 120 ni risasi 80.

Themanini. Mtu akiiona namba hiyo hukata tamaa, kwa kuwa wanaofyatua kwa mchezo huko Ulaya humaliza zaidi ya hizo kwa siku moja. Wewe si wao. Wewe unahitaji kupiga risasi ya kwanza vizuri, kwa umbali unaoujua, na kwa hilo 80 zinatosha.

Ukienda na rafiki mwenye karatasi zake, gawaneni usafiri. Risasi msigawane: kila mtu na zake, zilizo kwenye jina lake.

## Hatua ya 4: Gawa mafungu matatu na uyafungie

Katika hizo 80:

- Fungu la kuwinda: 20. Haliguswi kwa mazoezi.
- Fungu la kupima: 10. La siku moja tu, Hatua ya 5.
- Fungu la mazoezi: 50. Siku sita za risasi nane ni 48. Mbili zinazobaki ni za kufidia zitakazogoma.

Yatenganishe kwa mkono, usiyaache kichwani. Mimi natumia mifuko mitatu ya kitambaa iliyoshonwa na fundi wa mtaani Katuba, kila mmoja na kijikaratasi chake, yote ndani ya sanduku la kufuli. Zikiwa zimechanganyika pakiti moja, siku ya mazoezi mkono utachota tu, na utafika msimu ukiwa na kartushi tatu.

Fungu la mazoezi linaweza kuwa la risasi nyepesi. Yenye gramu 28 za marisawa inasukuma bega kidogo kuliko ya gramu 36, na mara nyingi ni rahisi kwa bei. Lakini fungu la kuwinda na la kupima lazima yawe ya aina moja, namba ileile ya ukubwa wa marisawa, pakiti za mtengenezaji mmoja. Vinginevyo umepima kitu ambacho hutakitumia.

Siku nne kati ya sita ziweke kabla ya msimu kufunguliwa, zikipishana kama mwezi mmoja. Mbili ziweke baadaye. Siku ya kupima iweke mwisho wa mvua, Aprili au Mei, njia za mashamba zikishakauka.

## Hatua ya 5: Siku ya kupima bunduki

Hii ndiyo siku yenye faida kuliko zote, nayo ndiyo watu huiruka. Kila mtutu hutawanya marisawa kwa namna yake. Bila kupima, hujui bunduki yako inaishia wapi.

Mahali. Tafuta uwanja wa kufyatulia uliokubaliwa, au shamba ambalo mwenyewe amekuruhusu kwa maneno wazi na mamlaka ya hapo inajua. Msitu ulio kimya si ruhusa. Mwone mwenye shamba na chefu wa kijiji siku moja kabla: milio ya bunduki katika nchi hii inawakumbusha watu mambo mazito, na mama anayelima mihogo hana namna ya kujua kwamba wewe unapiga katoni.

Ukingo wa nyuma. Vichuguu vya huku kwetu, vingine virefu kuliko nyumba, hufanya ukingo mzuri wa udongo. Ila kizunguke kwanza kwa miguu. Watu huchimba udongo wa kichuguu kwa matofali, na aliyeinama na jembe upande wa pili haonekani. Angalia pia moshi: penye moshi mwembamba kati ya miti pana mchoma makala. Marisawa madogo ya namba 6 yanaweza kufika zaidi ya mita 200, na yale makubwa yanaweza kupita mita 500. Usipige kuelekea jiwe, maji wala mti mkavu mgumu, marisawa hurudi.

Kazi yenyewe. Simamisha katoni mita 20. Chora alama katikati kwa kaa la moto lililozimwa. Piga risasi moja. Badilisha katoni, piga nyingine, kisha ya tatu. Rudia mita 30, halafu mita 40. Hizo ni risasi tisa. Ya kumi ni ya ile itakayokosewa kabisa.

Kwenye kila katoni chora duara la kipenyo cha sentimita 75 pale matundu yalipo mengi. Kisha chukua kipande kingine cha katoni, ukitoboe katikati uwazi wenye ukubwa wa mwili wa kanga bila shingo wala miguu, na uutembeze juu ya duara. Kila unapousimamisha, hesabu matundu ndani yake.

Ninapendelea kuona matundu matano au zaidi kila mahali. Penye tundu moja, au pasipo kitu, ndipo kanga hujeruhiwa na kukimbia kwenda kufa mbali. Umbali mrefu kuliko wote ambao katoni zote tatu zimefaulu ndio mpaka wako. Katoni moja nzuri kati ya tatu ni bahati.

Utajua umefaulu: una namba moja, kwa mfano "mita 30", imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye daftari. Yangu ilitoka fupi kuliko nilivyokuwa najisifia kwa miaka, na tangu siku hiyo sijapoteza ndege aliyejeruhiwa.

## Hatua ya 6: Mazoezi makavu, dakika kumi, mara tatu kwa juma

Hapa ndipo ufundi hujengwa, na hapagharimu franka hata moja.

1. Toa risasi zote za kweli kwenye chumba ulichomo. Si mezani, si mfukoni: chumba kingine, na kufuli ifungwe.
2. Fungua bunduki. Tazama chumba cha risasi, kisha ingiza kidole uhakikishe.
3. Watoto watoke. Mtu mzima mmoja nyumbani ajue unafanya nini.
4. Weka risasi za bandia. Zinalinda pini isigonge hewa tupu.
5. Elekea ukuta wa tofali ambao nyuma yake hakuna mtu anayeishi.

Sasa inua bunduki mpaka kitako kigote kwenye bega na shavu litulie juu ya mbao, mahali pamoja kila mara. Fumba macho, inua, fumbua. Kama macho hayajaangukia moja kwa moja kwenye kishanga cha mbele, ile punje ya kulengea kwenye ncha ya mtutu, kikiwa katikati, rudia. Mara ishirini taratibu, bila kukimbilia.

Kisha vuta kifyatulio. Weka sarafu au kizibo cha chupa juu ya mtutu karibu na ncha. Kifyatulio kikivutwa, kisianguke. Wiki ya kwanza kitaanguka sana.

Ukimaliza, sema kwa sauti: "Mazoezi yamekwisha." Funga bunduki kabatini mara moja. Hatari kubwa ni ile "moja ya mwisho" baada ya kurudisha risasi za kweli karibu. Hakuna moja ya mwisho.

Utajua umefaulu: sarafu inakaa mara tisa kwa kumi, na macho yakifumbuka kishanga kipo mahali pake.

## Hatua ya 7: Siku ya risasi nane

Njiani, bunduki iwe tupu na ndani ya mfuko wake, risasi kwenye mfuko mwingine, karatasi juu. Ukifika kwenye barieri, salimia, sema mapema kwamba una bunduki na hati zake, na uache wao waseme uchukue nini.

Uwanjani, gawa hivi:

Ya kwanza piga bila kujipasha, kwenye umbali wa mpaka wako. Andika ilipopiga. Hii peke yake ndiyo inayofanana na porini, ambako kanga hakungoji ujaribu mbili tatu.

Ya pili na ya tatu piga polepole, mita 20, ukipumzika dakika tano kati yake.

Ya nne hadi ya saba piga kwa msaada wa mwenzako. Yeye ndiye anayeshindilia, wewe ukitazama shabaha: mara risasi ya kweli, mara ya bandia, bila kukuambia. Ukivuta juu ya bandia, mtutu ukachomoka kushuka au bega likasukuma mbele, umejiona mwenyewe ukiogopa mlio. Zoezi hili linafichua kasoro ambayo pakiti nzima ya risasi haiwezi kuifichua, kwa sababu kishindo huificha. Likitokea, zipige bandia tano mfululizo kabla ya kurudi kwenye ya kweli.

Ya nane piga tena kwenye mpaka wako, uilinganishe na ya kwanza.

Kisha acha. Bega likiuma kabla ya ya nane, acha hapohapo. Zilizobaki si hasara, zinarudi mfukoni.

Onyo mbili za kukariri. Risasi ikigoma, usifungue bunduki. Iache imeelekea kwenye ukingo, hesabu sekunde 30 au zaidi, ndipo ufungue. Na mlio ukiwa dhaifu, kama mtu aliyepuliza mfuko, simama. Toa risasi, tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma, pitisha ufito. Kunaweza kuwa na kitu kimekwama, na risasi inayofuata ndiyo itakayopasua.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto. Marisawa ni ya risasi yenyewe, ile madini, na vumbi lake ni sumu kwa watoto hata likiwa kidogo. Okota maganda yote.

## Hatua ya 8: Tunza ulichonunua

Mwaka mmoja niliweka pakiti juu ya kabati, chini ya mabati. Masika yalipokwisha niliifungua nikakuta vitako vya shaba vimeota ukungu wa kijani, na ganda moja limevimba lisiingie tena. Tano kati yake ziligoma. Hiyo ilikuwa karibu siku nzima ya mazoezi.

Ziweke mahali pakavu, chini, mbali na jiko na jua. Andika mwezi na mwaka kwenye kila pakiti, za zamani zitumike kwanza. Iliyovimba au kuota kutu usiisugue na kuitumia. Ipeleke kwa muuzaji au kwa wahusika wa silaha.

## Hatua ya 9: Daftari, mara moja kwa mwezi

Mistari mitano inatosha: tarehe, risasi zilizotumika, zilizobaki katika kila fungu, ilipopiga ya kwanza, pesa iliyotoka.

Hesabu kwa kuzishika mkononi. Kama daftari linasema 44 na mfukoni ziko 43, tafuta hiyo moja leo, kabla ya kulala. Risasi iliyopotea ndani ya nyumba yenye watoto ni jambo la usiku huohuo.

Katikati ya mwaka, bei ikiwa imepanda kuliko akiba yako, punguza siku za kufyatua kutoka sita hadi tano na uongeze mazoezi makavu. Usipunguze fungu la kupima, na usichote kwenye la kuwinda. Bei ikishuka, usiongeze risasi kwa siku. Ongeza siku moja.

Mwezi wa Desemba, fungua kurasa za "ya kwanza" zote, sita kwa mfuatano. Kama matundu yanasogea katikati ya katoni kadiri miezi inavyokwenda, bajeti ya mwaka ujao ibaki ilivyo. Kama yanatangatanga, kabla ya kununua kartushi nyingine hesabu ni mara ngapi ulikosa dakika zako kumi za mazoezi makavu.